Gundi, Mpiga Gitaa la Katikati

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mmetokwa jasho kwa sababu yake, na hamkumjua. Soli za viatu vyenu zimelika kwa sababu yake. Mlikuwa mnatazama jukwaani, ndiyo, lakini mlikuwa mnamtazama mwingine.

Jukwaani walimwita Gundi. Amefariki akiwa na miaka sitini na minane. Alikuwa fundi viatu, na alikuwa mpiga gitaa la mi-solo. Narudia: mi-solo. Si solo.

Tofauti hiyo ndiyo maisha yake yote, kwa hiyo tuielewe vizuri.

Huu muziki wa dansi uliotufikia kutoka katikati ya bara letu, rumba ya magitaa na mwanawe mwenye mbio anayeitwa soukous, huwa una nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni ya waimbaji. Wimbo unaanza taratibu, waimbaji wawili watatu wanaunganisha sauti, wanabembeleza, wanalalamika kuachwa. Ukumbini watu wameshikana viuno. Halafu ngoma ndogo yenye waya inalia kwa haraka, waimbaji wanarudi nyuma, magitaa yanapita mbele. Hiyo ni nyumba ya pili. Hiyo ndiyo sebene. Hapo hata aliyekuja na fimbo anaiegemeza ukutani.

Na ndani ya sebene magitaa yako manne. Besi iko chini, inatembea. Rizimu inakwaruza nyuzi kwa mkupuo, inashika mwendo. Solo iko juu kabisa, nyembamba, safi, inatoa kipande kifupi na kukirudia, na kukirudia tena, mpaka kinakuingia magotini. Na mi-solo? Mi-solo iko kati ya rizimu na solo. Inadonoa nyuzi mojamoja, inazifuma, inazunguka na kurudi palepale. Hakuna anayeishangilia. Ikiwepo huisikii. Ikitoka, unajiuliza tu kwa nini miguu imekuwa mizito.

Gundi alikaa hapo katikati miaka thelathini na miwili.

Jina hilo alipewa na kiongozi wa bendi, mpiga besi, mtu mwenye tumbo na maneno. Siku ya kwanza ya mazoezi kijana aliingia na gitaa la kuazima, vidole vimeganda gundi ya soli, ananukia kibanda kizima. Kiongozi akakunja pua. "Huyu ametuletea duka. Haya, Gundi, piga tusikie." Akapiga. Kiongozi akasikiliza, akaacha kucheka. Baada ya wiki mbili alikuwa akiwaambia wenzake, "Huyo mwacheni alivyo. Mkimtoa huyo, tutabanduka kama viatu vya mtumba."

Mpiga solo wa bendi hiyo walimwita Kidole. Mrefu, mashati ya kung'aa, meno yote nje. Kidole na Gundi walikuwa chanda na pete. Kwenye sebene Kidole alikuwa na desturi moja: aliwapa watazamaji ubavu, akamgeukia Gundi, na wale wawili wakapiga wakitazamana, kama watu wanaosimuliana kisa. Watu walidhani ni madoido. Hayakuwa madoido. Kidole mwenyewe ametuambia kwa simu: "Mimi nilikuwa naruka tu. Ardhi ya kurukia ilikuwa yeye."

Mchana, Gundi alikuwa kibandani. Mlango mmoja, meza fupi, kiti cha chini kilichokaliwa mpaka kikapata umbo lake, mguu wa chuma wa kuvalishia viatu, sindano, nta, nyuzi nyeusi na za kahawia. Alizoea kuwatania wateja kwamba kiatu ni umbea. Akipindua soli aliyoletewa, alijua. Iliyolika kisigino: huyo mtu wa nyumba ya kwanza, anapenda kushika kiuno cha mtu. Iliyolika mbele, pale penye kidole gumba: huyo mtu wa sebene, na Jumapili alikuwepo dansini.

Alioa mshonaji wa magauni aliyekuwa na cherehani mtaa wa pili. Wakapata mtoto mmoja, binti, ambaye leo ni mkunga katika mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Mama yake binti huyo alifariki Gundi akiwa na miaka arobaini na sita. Binti alikuwa na kumi na tano. "Baba hakulia mbele yangu," ametusimulia. "Alijikaza kisabuni. Alinisuka nywele mwenyewe, vibaya, nikaenda shule hivyohivyo. Nilichekwa, lakini sikuzifumua."

Miaka miwili baada ya msiba huo, lilianza jambo ambalo Gundi hakumwambia mtu.

Ilianza kama mbu. Mbu mmoja ndani ya sikio la kushoto, lile lililokuwa upande wa ngoma na matoazi yake. Akadhani ni uchovu. Mbu akakaa. Akahamia na la kulia. Kisha sauti za juu zikaanza kumtoroka: kengele ya baiskeli, birika likichemka, kisha, siku moja mazoezini, solo ya Kidole. Aliona vidole vikikimbia kwenye shingo ya gitaa na hakusikia kitu. Alisikia besi tu, kwa mbali, kama mtu anayehamisha samani nyumba ya jirani.

Fikirini, wasikilizaji wapendwa. Mpiga muziki amepata uziwi. Angemwambia nani? Angeanzaje?

Hakuanza. Akatafuta ujanja. Spika kubwa ya besi ilikuwa nyuma yake, juu ya jukwaa la mbao. Akawa anasimama kisigino cha kulia kimeligusa lile boksi. Mwendo wa wimbo ukawa unampanda mguuni. Mabadiliko alikuwa anayasoma usoni kwa Kidole na vidoleni mwake, kwa kuwa sebene yote walikuwa wanatazamana. Na mi-solo yenyewe ni kitu kinachozunguka. Ukishaingia, mkono unajua njia. Alipiga hivyo miaka saba. Narudia, miaka saba, na bendi nzima haikushtuka. Walisema tu siku hizi Gundi amekuwa mkimya, tangu mkewe afariki.

Halafu ikaja Jumapili moja, dansi la saa kumi jioni. Ukumbi umefurika. Wenye ukumbi walikuwa wamefanya matengenezo: jukwaa jipya la saruji, spika zimeteremshwa chini, mbele, mbali na wapigaji. Gundi alipopanda na kurudisha kisigino nyuma, kilikuta hewa.

Angeweza kushuka. Hakushuka. Alipiga moyo konde.

Nyumba ya kwanza ilipita salama, kwa kuwa aliwatazama waimbaji midomo. Sebene ikaingia. Kidole akamgeukia kama kawaida, wakashikana macho, mambo yakaenda. Lakini siku hiyo watu walikuwa wamepagawa, wanamwita Kidole kwa jina, na Kidole ni binadamu. Akaruka chini, akaingia katikati ya wachezaji na gitaa lake, mgongo kwa jukwaa. Kiongozi naye, kwa kunogewa, akapaza amri ambayo bendi iliizoea: wote wapandishe sauti, hatua mbili juu kwenye shingo ya gitaa. Wote wakapanda. Gundi akabaki chini, anazunguka palepale, anatabasamu, macho yanamtafuta Kidole kwenye umati.

Muziki ulikatika kama maziwa. Watu walisimama, mmoja, kisha kumi. Kidole akageuka. Yeye aliona aibu mbele ya wale waliokuwa wakimshangilia dakika moja iliyopita, na aibu ikamtoa maneno. Akapiga kelele ukumbi mzima usikie:

"Wewe mzee, umelewa?"

Gundi hakuwahi kuonja pombe maisha yake yote. Na maneno hayo hakuyasikia. Aliyasoma midomoni. Akalivua gitaa la bendi, akaliegemeza taratibu kwenye saruji, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Alikuwa na miaka hamsini na mitano. Hakurudi. Bendi ilimtuma kiongozi kibandani mara mbili. Mara ya kwanza kiongozi alizungumza akiwa ameinama anachagua kamba za viatu, kwa hiyo midomo haikuonekana, na Gundi hakujibu. Mara ya pili alikuta mlango umefungwa. Akasema, "Basi, kanuna. Mwacheni anune." Wakatafuta mpiga kinanda wa kujaza pengo. Kidole alingoja aombwe radhi. Gundi alingoja aulizwe kimemsibu nini. Ikapita miaka tisa hivyo.

Miaka hiyo tisa ndiyo iliyo migumu kuisimulia, kwa sababu hakuna kilichotokea.

Aliamka. Alifungua kibanda. Kazi haikuhitaji masikio: kiatu hakina maelezo, mtu anakionyesha palipotoboka, unaitikia kwa kichwa. Wateja walimwona mstaarabu, mtu asiye na umbea. Jioni alirudi kwenye chumba chake, akatoa gitaa lake kavu, lisilo la umeme, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaegemeza kidevu juu ya ubao wa gitaa. Hapo, kupitia mfupa wa taya, kitu kidogo kilimfikia. Akapiga mi-solo. Si wimbo, mi-solo tu.

Jirani yake wa ukuta mmoja ni mwalimu mstaafu. Ametuambia: "Kila siku saa kumi na mbili jioni. Vipande vilevile vya sauti, vinazunguka, havifiki popote. Nilidhani ni mtu mzima anayejifunza gitaa na ameshindwa. Siku moja nilimgongea ukuta apumzike. Hakuacha. Nikamwona jeuri."

Bila rizimu chini yake, bila solo juu yake, mi-solo haieleweki. Ni kama kusikia upande mmoja wa mazungumzo. Mwalimu aliyasikia mazungumzo ya upande mmoja miaka mingi, naye hakujua kwamba hata mpigaji anayasikia kwa taya tu.

Na simu. Binti alikuwa ameolewa, amehamia ule mji wa mbali, anampigia baba yake kila Ijumaa. Gundi aliiona simu inatetemeka mezani. Aliishika, akahesabu kimoyomoyo muda wa mtu kusalimia, kisha akaanza: mzima, kazi inaendelea, mvua imenyesha, wajukuu wabusu, haya, salamu kwa wote. Akakata. Hakumpa nafasi hata ya kupumua.

"Ninampigia nimwambie nimejifungua," binti anasema, "ananiambia mvua imenyesha. Ninamwambia mume wangu anaumwa, ananiambia haya salamu kwa wote. Nililia sana, jamani. Nilidhani baba hataki kunisikia."

Alipokuja kumtembelea alikuja na watoto, mmoja mgongoni, mwingine anavuta sketi, na ghasia za watoto zikamficha mzee. Watu wakicheka, naye alicheka. Watoto wakilia, aliwatazama midomo na kuwabeba.

Mwaka wa tisa binti alikuja peke yake, bila taarifa, akiwa na hasira zake zimepangwa vizuri kifuani. Alifika kibandani saa tano asubuhi. Baba alikuwa amempa mgongo, anapaka nta uzi.

"Shikamoo baba."

Uzi ukavutwa, ukapita kwenye nta.

"Baba, shikamoo. Nimesafiri siku nzima. Hata salamu yangu huipokei?"

Mkono ule unapaka nta. Nyuma yake barabarani lori likapiga honi ya kupasua kichwa, binti mwenyewe akaruka. Baba hakutikisika hata bega.

Huyu ni mkunga, wasikilizaji. Anapima watoto wachanga kama wanasikia. Anapiga makofi karibu na kichwa, anatazama kama jicho litacheza. Alisimama pale mlangoni, hasira zake zote zikamwagika, akapiga makofi mara moja, nyuma ya kichwa cha baba yake.

Kisha akazunguka mbele, akachuchumaa.

"Tangu lini?" akauliza, midomo taratibu.

Gundi alimtazama. Akaweka sindano chini. "Mama yako alipofariki, baadaye kidogo."

"Miaka kumi na sita? Baba! Na simu zangu?"

"Nilikuwa naona jina lako linawaka," akasema. "Nilikuwa najua ni wewe. Ilinitosha."

Binti ametueleza kwamba walilia mpaka mteja mmoja akaondoka kimyakimya na kiatu chake kilichotoboka.

Alimpeleka hospitali. Daktari alisema mishipa ya kusikia imekwisha kufa. Walijaribu kifaa cha sikioni, kikamletea kelele kama ya karatasi inayokunjwakunjwa, akakirudisha. Binti akamwomba ahamie kwake. Akakataa. "Huko nitakuwa babu kiziwi tu. Hapa wako wawili watatu wanaojua nilikuwa napiga nini." Na akamwapisha asiwaambie watu wa bendi.

Binti aliapa. Halafu akaenda moja kwa moja kumwambia Kidole. "Mungu atanisamehe," anasema. "Kile kilikuwa kiapo cha kijinga."

Kesho yake Kidole alisimama mlangoni pa kibanda. Mvi kichwa kizima, shati bado linang'aa. Mkononi ana kiatu kizima kabisa kisicho na kasoro. Akakiweka mezani. Gundi akakipindua.

"Hiki hakina ubovu."

Kidole akachukua chaki ya fundi, akaandika juu ya kipande cha ngozi: KWA NINI HUKUSEMA?

"Niseme nini? Mpiga gitaa hasikii? Mngenicheka."

Kidole akasogea mbele ya uso wake ili midomo ionekane. "Tungekucheka sana. Halafu tungekukalisha juu ya spika, mpumbavu we."

Gundi alimsoma mpaka mwisho, kisha akaangua kicheko, cha sauti kubwa isiyopimwa, cha mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe. Kidole hakucheka. Alikuwa amemshika mikono yote miwili, anarudia jambo moja, na Gundi alilisoma kila mara: "Nilikuita mlevi. Nilikuita mlevi mbele za watu."

Jumapili iliyofuata, saa kumi jioni, walimkalisha juu ya boksi la besi kwelikweli, lililopandishwa tena jukwaani. Kiongozi, ambaye sasa alipiga akiwa kwenye kiti kwa sababu ya magoti, alishusha besi mpaka madirisha yakatetemeka. Nyumba ya kwanza ikapita. Ngoma ndogo ikalia, waimbaji wakarudi nyuma. Kidole akawapa watu ubavu, akamgeukia mwenzake, na safari hii hakuruka popote. Sebene moja, dakika kumi na moja. Gundi hakukosea hata mara moja. Wachezaji hawakujua kulikuwa na jambo. Binti alikuwa ukutani, viatu mkononi. Anasema baba yake alipiga macho yakiwa wazi muda wote, hakupepesa, kama anayeogopa mtu asije akamzimia taa.

Tungependa kuwaambia kwamba baada ya hapo upweke uliisha. Haukuisha. Ilikuwa Jumapili moja tu. Kiongozi aliugua mwezi uleule na hakuinuka tena. Ukumbi ukawa ghala la vigae. Kidole alichukuliwa na watoto wake kwenda kuishi mbali, mbali hasa. Akawa anaandika ujumbe kwenye simu. Binti ametusomea mmoja. Kidole aliuliza, "Bado unapiga?" Gundi akajibu, "Kila jioni. Nakuachia nafasi yako."

Kwa miaka minne alipiga hivyo, akimwachia nafasi mtu asiyekuwepo. Mwalimu wa jirani hakugonga tena ukuta. Binti alikuwa amemweleza. Saa kumi na mbili alizima redio yake, akakaa, akasikiliza. Gundi hakujua kama ana msikilizaji.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, mama mmoja muuza vitambaa alimpelekea viatu vya shule vya mwanawe. Alimkuta kwenye kile kiti cha chini, ameinama, kiatu cha mtu mapajani, sindano mkononi. Mtaa mzima sasa ulijua kwamba fundi hasikii, na kwamba si adabu kumshtua. Kwa hiyo yule mama hakumwita, wala hakumgusa. Alisimama palepale mlangoni, kwa heshima, akingoja fundi ainue uso amwone.

Alingoja robo saa nzima.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa binti yake, mkunga aliyepiga makofi yale. Pole kwa wajukuu. Pole kwako Kidole, huko uliko. Tunajua redio hii inakufikia kwa shida, na tunajua umeitafuta. Pole kwa mwalimu wa ukuta mmoja, na kwa mama wa vitambaa, ambaye anasema bado anaota amesimama pale mlangoni. Mungu ampumzishe Gundi pema.

Na sisi tuliobaki, tuna kazi ya kufanya. Kila mmoja wetu ana mtu wake anayekata simu haraka. Tumeshasema kwamba ana kiburi, kwamba amenuna, kwamba anajua mwenyewe. Labda ni kweli. Lakini hatujaenda kuona. Nenda leo, kungali mchana. Usimsemeshe ukiwa mlangoni, wala ukiwa umeinama unachagua kamba za viatu. Zunguka mbele yake, uchuchumae, akuone midomo. Kisha umpe salamu yako, na ungoje.